Bunduki za Mrao, Gumegume na Magobori Makumbushoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya kidogo kidogo. Mengine yameulizwa na wanafunzi wa historia, mengine na watu waliosimama kando yangu mbele ya kabati la kioo, wakaona nina daftari na tochi mkononi. Mimi si askari wala si mwindaji. Ninachotafuta kwenye bunduki ya kale ni makovu yake: palipotobolewa upya, palipofungwa waya, palipofutwa jina. Nakshi zinapendeza, ila nakshi hutengenezwa ili zitazamwe. Kovu halikutengenezwa kwa ajili ya mtu yeyote, ndiyo maana naliamini zaidi.

Bunduki ya kale ni ipi hasa? Gobori la babu limo?

Inategemea umemuuliza nani. Mwanasheria atakutajia mwaka: Marekani, kwa mfano, sheria ya 1968 inahesabu kuwa ya kale silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla ya hapo. Mtu wa makumbusho haanzi na mwaka, anaanza na namna silaha inavyojazwa na inavyowashwa. Katika ukurasa huu nazungumzia bunduki za kushindilia, yaani zile zinazotiwa baruti, tambara na risasi kwa mdomoni, kisha vikasukumwa chini kwa mdeki, yaani ufito wa kushindilia. Gobori la babu limo, hata kama lilitoka kiwandani juzi tu kwa hesabu za wanahistoria. Umbo lake ni kongwe kuliko umri wake, na jambo hilo litatusumbua tena huko mbele.

Neno "bunduki" lenyewe limetoka wapi?

Kwenye Kiarabu. "Bunduq" ni aina ya kokwa ndogo ya kuliwa. Jina likahamia kwenye vijiwe vya duara vya kurushia, kisha kwenye chombo chenyewe. Kiswahili kimeongeza yake: risasi ni madini na pia ni kitu kinachotoka mtutuni, na mzinga ni gogo lililotobolewa kwa ajili ya nyuki kabla haujawa chuma cha vita. Ukiuona mzinga wa zamani kabisa, ule mfupi mnene, utaelewa mara moja kwa nini wazee walichagua neno hilo.

Ya kale kuliko zote iko wapi?

Waliolelewa na imani kwamba bunduki ni akili ya Mzungu hushtuka hapa, kwa sababu jibu liko China. Mwaka 1970 huko Acheng, mkoa wa Heilongjiang, ulifukuliwa mtutu wa shaba wenye urefu wa sentimita 34 na uzito wa kilo 3.55. Una tumbo lililovimba nyuma, mahali pa baruti, na tundu dogo la kuwashia. Hauna maandishi hata herufi moja. Watafiti wanaukadiria kuwa wa mwaka 1288 hivi, kwa sababu ya vitu vilivyokutwa pamoja nao na kwa sababu eneo hilo lilipiganiwa wakati wa uasi wa Nayan dhidi ya Kublai Khan, mtawala wa Kimongoli wa China. Mwenzake, uliokutwa Xanadu, umechorwa tarehe inayolingana na 1298.

Sasa upi ni mkubwa kwa umri? Wa kwanza umepewa mwaka na majirani zake wa ardhini. Wa pili unautaja mwaka wake mwenyewe. Vitabu vingi vitakuambia wa 1288, nami sina ugomvi navyo, ila kila ninapoona mwaka kwenye kadi ya makumbusho huuliza: mwaka huu umetoka wapi? Umeandikwa juu ya chuma, umetolewa na mahali kilipokutwa, au umetolewa na sura tu?

Ulaya ina mfano mzuri wa njia ya pili. Ngome ya Tannenberg, huko Hesse nchini Ujerumani, ilibomolewa mwaka 1399. Wachimbaji wa mwaka 1849 walikuta humo mtutu mdogo wa shaba, sentimita 32, uzito wa kilo 1.24. Haijulikani ulisubiwa lini, lakini haukuingia magofuni baada ya ngome kuanguka, basi 1399 ni ukuta ambao tarehe yake haiwezi kuuruka. Leo uko Germanisches Nationalmuseum mjini Nuremberg, na ni mdogo kuliko watu wanavyotarajia. Mtu angeweza kuubeba kwenye kikapu cha sokoni.

Mzee kuliko huo ni wa Loshult, uliookotwa kusini mwa Sweden mwaka 1861 na kuhifadhiwa Stockholm. Una sura ya chupa ya maua, urefu wa sentimita 30 hivi na uzito wa kilo 9. Haukuwa na maana kwa watu mpaka ulipowekwa kando ya picha iliyochorwa Uingereza mwaka 1326 katika hati ya Walter de Milemete: askari ananyoosha kijiti chenye moto kuelekea chupa ileile, na mdomoni mwa chupa umechomoza mshale. Naam, mshale. Mizinga ya kwanza ya Ulaya ilichorwa ikirusha mishale, kwa sababu watu hawakuwa wamepata wazo jingine la kitu cha kurusha.

Mrao, gurudumu, gumegume, fataki: tofauti yake ni nini?

Tofauti ni moto tu. Kasiba, yaani bomba la bunduki, ilibadilika polepole sana. Kilichohangaisha mafundi kwa miaka 400 ni namna ya kufikisha cheche kwenye baruti bila kuungua vidole na bila kunyeshewa.

Bunduki ya mrao ndiyo ya kwanza kuwa na mtambo. Mrao ni kamba ya katani au pamba iliyochovywa kwenye maji ya shura ikakaushwa, nayo hutambaa na moto bila kuwaka ndimi. Mchoro wa mwaka 1411 hivi unaonyesha mkono wa chuma wenye umbo la herufi S ukiishusha kamba hiyo kwenye kifa, yaani kile kibakuli cha baruti ya kuwashia kilicho ubavuni. Ni rahisi kutengeneza, rahisi kurekebisha, na mbaya wakati wa mvua. Usiku inamtangaza mwenye nayo kwa nukta nyekundu na harufu. Pamoja na hayo ilisafiri dunia nzima. Wareno waliifikisha kisiwa cha Tanegashima mwaka 1543, na Wajapani wakaibakiza kwa karne tatu. Waomani nao waliipenda wakaipa jina la abu fitila, mwenye utambi: kasiba ndefu, kitako chembamba kilichopinda, vikuku vya fedha vinavyoshika kasiba kwenye mti. Waliendelea nayo muda mrefu baada ya majeshi ya Ulaya kuiacha.

Ya gurudumu ilikuja mwanzoni mwa karne ya 16. Unakaza springi kwa ufunguo, ukibonyeza kifyatulio, gurudumu la chuma lenye meno linazunguka na kukwaruza jiwe la pairiti, cheche zinamiminika. Watu wengi hudhani ni jiwe la gumegume. Siyo, gumegume ni gumu mno, lingekula meno ya gurudumu. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuficha bunduki iliyo tayari chini ya joho lake, na wakubwa waliona hatari hiyo upesi: Kaizari Maximilian wa Kwanza aliipiga marufuku katika nchi zake za Austria mwaka 1517. Lakini ilikuwa na vipande vingi kama saa, na bei yake ilikuwa ya matajiri. Ile bastola ya mitutu miwili ambayo Peter Peck wa Munich, fundi saa na fundi bunduki, alimtengenezea Kaizari Charles wa Tano miaka ya 1540 imo Metropolitan Museum, New York. Ukiitazama utaona ni pambo zaidi kuliko silaha.

Gumegume ndiyo iliyotawala. Sifa ya kuipa umbo la mwisho hupewa Marin le Bourgeoys, fundi wa Lisieux nchini Ufaransa, mwanzoni mwa karne ya 17. Mkono wa chuma uliong'ata jiwe unapiga kibao cha chuma. Kibao kinarudi nyuma, kinafunua kifa, na cheche zinadondokea humo, yote kwa pigo moja. Kwa msomi, jiwe lenyewe ni shahidi. Mawe ya Kifaransa mara nyingi huwa na rangi ya asali, ya Kiingereza huelekea weusi au kijivu cha giza. Mji mdogo wa Brandon, Suffolk, uliishi kwa kuchonga mawe haya na kuyapeleka Afrika hata katika karne ya 20, wakati Waingereza wenyewe walikuwa wameshayasahau.

Fataki iliumaliza mjadala. Mchungaji wa Kiskoti, Alexander Forsyth, alikuwa mwindaji wa ndege, na ndege waliona mwako wa kifa wakaruka kabla marisau hazijawafikia. Mwaka 1807 akapata hataza ya kuwasha kwa kemikali inayolipuka ikigongwa. Kutoka hapo hadi kofia ndogo ya shaba tunayoiita fataki hazikupita hata miaka 20.

Kwa nini gumegume zilidumu Afrika wakati Ulaya zilishakufa?

Swali hili hujibiwa vibaya sana. Utasikia kwamba Mwafrika alikuwa mshamba, hakujua bunduki mpya. Si kweli. Aliyeweza kupata ya kisasa aliinunua. Sababu kubwa ni karatasi: tarehe 2 Julai 1890 mataifa yalitia saini Mkataba wa Brussels, uliokataza kuingiza silaha za kisasa na risasi zake katika ukanda wote ulio kati ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini mwa ikweta. Kilichoachiwa mlango, kwa masharti, ni bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya kasiba, pamoja na baruti ya kawaida. Mkataba ulijitangaza kuwa wa kukomesha biashara ya utumwa, na kwa sehemu ulikuwa hivyo. Lakini hesabu nyingine nayo ilikuwa wazi: anayekuja kutawala hapendi atakaowatawala wawe na bunduki kama yake. Miaka 15 baadaye, katika vita vya Majimaji, wapiganaji wenye mikuki, mishale na magobori walikabili bunduki za rashasha za Wajerumani.

Tokeo lake makumbushoni ni hili: viwanda vya Liège nchini Ubelgiji na Birmingham nchini Uingereza viliendelea kutengeneza bunduki za mtindo wa karne ya 18 kwa soko la Afrika hadi mwisho kabisa wa karne ya 19. Kwa hiyo ukikuta kadi imeandika "karne ya 18" chini ya gumegume lililotoka Afrika ya Kati, na hakuna ushahidi mwingine zaidi ya sura ya mtambo, itilie shaka kadi hiyo.

Kasiba imeandikwa jina la fundi maarufu. Je, si uthibitisho?

Jina ndilo kitu cha mwisho kuaminiwa. Mji wa Gardone, karibu na Brescia huko Italia, ulikuwa na ukoo wa Cominazzo, na kasiba za Lazarino Cominazzo zilisifiwa kwa wepesi na uimara. Sifa ikawa balaa. Jina hilo likapigwa kwenye kasiba na watoto, wajukuu, majirani, na watu ambao hawajawahi kuiona Brescia. Wengine walikosea hata herufi zake.

Ureno nayo ilikuwa na Lazarino wake, fundi wa mji wa Braga. Bunduki zake zilipendwa Angola na bara ya Kongo kiasi kwamba bunduki yoyote ndefu nyepesi iliitwa lazarina. Wabelgiji wa Liège wakaona biashara. Wakazitengeneza kwa maelfu na kuziandika "Lazaro Lazarino Legitimo de Braga", yaani Lazarino halali wa Braga. Neno "legitimo" huwa linanichekesha kila nilionapo. Fundi halali hana haja ya kujitangaza kuwa halali. Ni kama duka lenye bango la "hatuuzi feki".

Haina maana kwamba bunduki hizo ni takataka. Lazarina ya Liège ni ushahidi wa kweli kabisa, ila si wa Braga. Ni ushahidi wa mnunuzi wa Bihe, huko Angola, aliyejua anachotaka, na kiwanda cha mbali kilichomsikiliza.

Na ile mihuri midogo iliyopigwa karibu na tundu la moto?

Hiyo ina thamani kuliko jina. Ni mihuri ya majaribio: kasiba ilitiwa baruti nyingi kupita kawaida, ikafyatuliwa, ikihimili ikapigwa chapa. Chama cha mafundi bunduki wa London kilipata hati yake ya kifalme mwaka 1637, na Birmingham ikapata nyumba yake ya majaribio kwa sheria ya 1813. Liège ilikuwa na yake pia. Kwa kuwa mihuri ilibadilishwa umbo kwa nyakati tofauti, mtu mwenye jedwali zuri la mihuri anaweza kuibana tarehe vizuri. Tahadhari moja: muhuri unasema kasiba ilijaribiwa wapi na lini. Hausemi lolote kuhusu mti na mtambo uliofungwa nayo.

Kadi inasema "Zanzibar". Ina maana ilitengenezwa Zanzibar?

Mara nyingi ina maana kwamba mtu aliyeitoa alipanda meli Zanzibar. Hapa ndipo pa kukaa kitako, kwa sababu ndipo makosa mengi yanapozaliwa.

Bunduki ya pwani yetu si kitu kimoja, ni mkusanyiko. Chukua abu fitila. Kasiba yake yaweza kuwa ya Uajemi au ya Kituruki, ya chuma kilichosokotwa mpaka kikaonyesha mawimbi kama ya maji. Kitako kimechongwa Oman. Vikuku vya fedha vimeongezwa na sonara mwingine, labda katika bandari nyingine kabisa. Kisha imevuka bara na msafara, kitako kikapasuka, fundi wa huko akakifunga kwa ngozi mbichi ya ng'ombe na kuiacha ikauke mpaka ikabana kama pingu. Kadi ina nafasi ya neno moja tu la "mahali". Aliyeandika amechagua bandari ya mwisho.

Kwa hiyo mimi huisoma vipande vipande, kila kimoja na ukurasa wake daftarini: kasiba, mtambo, mti, vikuku, mdeki, jiwe. Naandika kinachoonekana kabla ya ninachodhani. Ngozi ile ya ng'ombe, ambayo wahifadhi wa zamani wakati mwingine waliikata ili "kusafisha", ndiyo sehemu pekee iliyotengenezwa na mtu wa bara. Ikiondolewa, fundi huyo ameondolewa kwenye historia.

Swali la pili ni jinsi ilivyofika kabatini. Nyingine zilinunuliwa, nyingine zilikuwa zawadi za masultani, na si chache zilikusanywa na maafisa wa kikoloni kutoka kwa watu waliokwisha kushindwa. Rejista za zamani hutumia maneno ya upole kama "zilikusanywa" au "zilipatikana". Linganisha tarehe ya kupokelewa na tarehe za vita vya sehemu hiyo, halafu uamue mwenyewe neno hilo linaficha nini.

Kuna makusanyo yanayorahisisha kazi. Mfalme Louis wa Kumi na Tatu wa Ufaransa alipenda bunduki, na zile za hazina yake ziligongwa namba kwenye mti. Hazina ilitawanyika, lakini namba zinalingana na orodha ya kifalme, hivyo bunduki iliyozagaa duniani kwa karne mbili inaweza kurudishiwa ukoo wake kwa tarakimu tatu tu. Natamani kila mkusanyaji angekuwa na nidhamu hiyo.

Niende makumbusho gani?

Kama una safari moja tu maishani, nenda Graz, Austria. Landeszeughaus lilijengwa kati ya 1642 na 1645 kuwa ghala la silaha la jimbo la Styria, na bado ni ghala. Vitu vipatavyo 32,000 vimepangwa kwenye mbao zilezile, safu kwa safu, kana kwamba jeshi linakuja kuvichukua kesho. Mwaka 1749 Malkia Maria Theresa alitaka lifungwe na chuma kitumike kwingine. Watu wa jimbo wakamwomba waachiwe kwa kumbukumbu ya wazee wao waliopigana na Waturuki. Akakubali. Kwingineko utaona bunduki bora. Graz utaona bunduki za kawaida, maelfu yake, na za kawaida ndizo zinazofundisha.

Royal Armouries, makumbusho ya silaha ya Uingereza, wana jumba lao kubwa Leeds, lililofunguliwa mwaka 1996, na mizinga yao iko Fort Nelson, karibu na Portsmouth. Mji huohuo wa Portsmouth unahifadhi Mary Rose, meli ya Henry wa Nane iliyozama 1545 na kuinuliwa 1982. Nuremberg nimeshaitaja. Kwa silaha za Kiomani, Makumbusho ya Taifa ya Muscat na Bait Al Zubair ni njia fupi kuliko kuzunguka Ulaya.

Nyumbani, Ngome ya Yesu mjini Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, ina mizinga ya kutosha pamoja na vitu vilivyoopolewa mwishoni mwa miaka ya 1970 kutoka Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyozama mbele ya ngome hiyo mwaka 1697, wakati wa mazingiwa makubwa. Mtu asipite Forodhani, Zanzibar, bila kuitazama ile mizinga ya shaba ya mbele ya Beit el Ajaib: nembo ya Ureno pamoja na maandishi ya Kiajemi juu ya chuma kimoja. Watoto wameikalia mpaka imeng'aa. Sijui kama niwakanye au niwaonee wivu.

Bunduki ya miaka 300 inaweza kuwa bado imejazwa?

Ndiyo. Baruti nyeusi ikikaa kavu haizeeki. Baada ya vita vya Gettysburg huko Marekani, mwaka 1863, zilikusanywa bunduki zaidi ya 27,000 uwanjani, na takriban 24,000 zilikuwa bado na shindilio ndani, nyingi zikiwa na zaidi ya moja. Gobori lililotundikwa ukutani likiwa tayari kwa nguruwe pori wa usiku halikumwambia mtu kwamba limejazwa.

Makumbushoni hupima kwa ufito wa mti: hushushwa polepole ndani ya kasiba, hutiwa alama, kisha hulazwa nje sambamba na kasiba. Ufito ukikomea mbele ya tundu la moto kwa sentimita kadhaa, kuna kitu. Kazi inasimama hapo, huitwa mtaalamu wa milipuko au hupigwa picha ya eksirei. Wewe wa nyumbani usipime. Elekeza mdomo mbali na watu, usiuguse mtambo, usimwage mafuta wala kuipasha moto, na uite polisi.

Kwa nini hazing'ai? Nilitarajia zing'ae.

Kwa sababu nyingi zilishang'arishwa na wanajeshi waliokuwa na muda mwingi na tofali la kusagwa. Kila msuguo uliondoa kidogo cha maandishi, muhuri, rangi ya buluu ya chuma. Kutu ya kahawia iliyotulia, ngumu na laini mkononi, huachwa. Inayotakiwa kuzuiwa ni ile ya rangi ya chungwa inayomeguka unga, hasa kwenye vyuma vilivyotoka baharini, maana chumvi imeshaingia ndani na itakula taratibu hata kabatini.

Ugumu wa bunduki ni kwamba ina chuma na mti katika mwili mmoja. Chuma kinataka hewa kavu, mti ukikauka unapasuka. Wahifadhi hukubaliana katikati, unyevu wa asilimia 45 hadi 50 hivi, na muhimu zaidi usipande na kushuka. Juu ya chuma hupakwa nta ngumu ya aina iliyobuniwa kwenye maabara ya British Museum. Mafuta ya nazi, tafadhali, yabaki jikoni.

Makumbusho huzifyatua ili kuona zilivyofanya kazi?

Karibu kamwe. Mara moja inayojulikana ni Graz, mwishoni mwa miaka ya 1980, walipochagua bunduki chache kutoka yale maelfu, wakazifunga kwenye fremu na kuziwasha kwa umeme. Risasi zilitoka kwa wastani wa takriban mita 450 kwa sekunde, kasi kuliko sauti. Nguvu haikuwa shida hata kidogo. Shida ilikuwa shabaha: risasi ya duara hutoka ikijizungusha ovyo na hewa huivuta pembeni. Jaribio lile liliwanyamazisha waliosema mishale ilikuwa na nguvu kuliko bunduki. Hakuna haja ya kulirudia.

Nitajuaje kama imechezewa?

Chunguza mtambo. Bunduki nyingi za gumegume zilibadilishwa kuwa za fataki miaka ya 1830 na kuendelea, na hilo ni sehemu halali ya maisha yake. Kisha wauzaji wa karne ya 20, walipoona gumegume ina bei zaidi, wakazirudisha nyuma. Tafuta tundu la skrubu lililozibwa, kifa chenye ngozi safi juu ya bamba lililozeeka, mti uliojazwa gundi mahali ambapo mtambo wa pili ulikaa. Mashine ya kusoma madini kwa eksirei husaidia, kwa kuwa shaba ya kisasa haina uchafu wa shaba ya zamani. Ila kabla ya mashine, nuse mti. Rangi ya dukani ina harufu.

Naweza kuomba kuona zilizo ghalani?

Unaweza, na makumbusho mengi hufurahi. Andika mapema, taja namba za usajili unazotaka, usiseme "nataka kuona bunduki zote za Afrika". Nenda na penseli, si kalamu ya wino. Vaa glavu watakazokupa, vua pete na saa. Shika kwa mikono miwili, mmoja chini ya kitako. Na usiuchezee mtambo hata kama mlinzi ametoka nje. Springi ya miaka 300 hukatika bila kuaga.

Babu ametuachia gobori. Tufanye nini?

Kwanza, lisafishwe na nani? Mtu yeyote asilisafishe. Umeshasoma kuhusu shindilio.

Pili, sheria. Tanzania na Kenya, kukaa na bunduki bila kibali ni kosa, na usitegemee kwamba uzee wake utakutetea mbele ya hakimu. Polisi wa Tanzania wamekuwa wakitangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari. Huo ni mwanya mzuri. Pamoja na hayo kuna sheria za mambo ya kale, ambazo watu wengi hawazijui: Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanganyika ya 1964 inahesabu kuwa masalia kitu kilichotengenezwa kwa mkono wa mtu kabla ya 1863, na sheria ya Kenya ya 2006 inagusa kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Huwezi kukitoa nje ya nchi bila ruhusa, hata kama mtalii anakupa dola. Zungumza na polisi na ofisi ya makumbusho kwa pamoja, ili lisiende kuyeyushwa kabla ya mtu wa makumbusho kuliona.

Tatu, na hili lifanyike leo jioni, kabla ya mengine: kaa na bibi, au shangazi mkubwa kuliko wote aliyebaki, uandike. Lilikuwa la nani kabla ya babu? Lilinunuliwa kwa nini, pembe, pamba, mshahara wa reli? Lilikuwa na jina? Nani alitengeneza ule ufa wa kitako, na alilipwa nini? Gobori litabaki lilivyo hata likikaa miaka 50 zaidi kwenye paa la jikoni. Bibi ana miaka 84.